Ahsante, Nimeshiba

Jumatatu, 3 Agosti

Haya. Nimebonyeza. Kijana wangu mkubwa kasema nikibonyeza hapa pekundu nikaongea, simu inaandika yenyewe. Mimi kusoma sijui, basi siri zangu ziko salama hata kwangu mwenyewe. Maendeleo hayo!

Tunafunga mizigo. Mjukuu wangu, Chiriku — tunamwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haupumziki, na mtu asiniulize kaurithi kwa nani — anakwenda kuonwa na watu wa kwao, upande wa baba. "Kuonwa tu, mama, wiki moja." Baba yake huyo, kwenye simu, sauti imelainika kama sabuni iliyosahaulika majini. Binti yangu tulimzika mtoto hajaota jino, baba akaenda kutafuta maisha. Miaka yote hiyo hakuwa na macho. Sasa kayapata, na maisha kayapata, ana nyumba, ana mke, ana hamu ya kuona.

Nimetia magauni, sweta, mayai ya kuchemsha, mikate. Na kijiko chake cha mpini mwekundu. Wiki moja, kijiko cha nini? Kwani huko wanakula kwa koleo? Nimetia tu.

Jumanne, 4 Agosti

Treni. Kiti kigumu, mgongo si wangu tena. Mbele yetu kakaa mama mmoja muuza vitambaa, mnene, roho safi. Kafungua kopo la biskuti, kamnyooshea Chiriku. Mtoto kaziangalia biskuti zile kama anaagana nazo. Halafu: "Ahsante, nimeshiba." Behewa zima likageuka! Muuza vitambaa akasema huyu kalelewa, huyu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sina.

Nimemfundisha mwenyewe. Kwa watu hatuli. Ukikaribishwa unashukuru, unasema umeshiba, basi. Maana mtoto asiye na mama akionekana mlangoni kwa jirani na tonge mkononi, kesho mtaa mzima unasema bibi yake kashindwa kumlisha. Nawajua mimi! Yule wa ukuta wa pili aliniona na chupa ya mtoto, akauliza maziwa hayo nimetia maji kiasi gani. Kashazikwa, Mungu amrehemu, ulimi wake sijui kama uliingia kaburini wote. Nilikuwa nasema nini? Biskuti.

Ndiyo. Mama wa watu alipoangalia nje, Chiriku akaninong'oneza: "Bibi, mayai yetu yako wapi?" Ya mkobani anakula. Ya mkobani ni yetu.

Jumatano, 5 Agosti

Tumefika. Shikamoo kibao, kukumbatiana kibao. Mzazi mwenzangu, yaani mama wa baba mtoto, kanipokea mkoba kwa nguvu, ungesema ananinyang'anya. "Karibu, mzazi mwenzangu! Pole na safari — umezeeka!" Nikamwambia ahsante, na wewe umenenepa, hongera. Tukacheka wote wawili. Meno tu.

Nyumba nzuri. Nimetafuta ubaya wake nimekosa. Wakatuonyesha chumba cha wageni. Wageni! Kitanda kidogo, godoro bado liko ndani ya nailoni. Na nyuma ya mlango imetundikwa sare ya shule. Ya mtu mdogo. Nikauliza, hii ya nani? Mke wa baba mtoto, kasichana kapole, macho chini, akasema: "Tuliinunua tu, mama, tuliiona dukani." Waliiona dukani. Kama nyanya.

Kuonwa tu, lakini kwa sare.

Mezani wali, kuku, mchuzi unanukia mpaka unamwonea mtu. Chiriku mikono mapajani: "Ahsante, nimeshiba." Baba yake akasema, kula, mwanangu. "Nimeshiba." Mzazi mwenzangu akamwekea paja zima. "Nimeshiba, ahsante."

Mimi nilikula sahani mbili. Sheria ni ya watoto.

Moyoni napiga vigelegele! Mmenunua sare, nunueni na mdomo basi. Chumbani nikammenyea yai, akalimeza kama nyoka.

Alhamisi, 6 Agosti

Asubuhi nimeshiba. Mchana nimeshiba. Mzazi mwenzangu kaanza kunitolea macho. "Huyu mtoto umemwambia tunatia sumu?" Nikamjibu, sumu gani, dada, si mimi huyu bado nasema? Akasema: "Hilo hata mimi linanishangaza." Nimempenda kidogo. Kidogo sana.

Baadaye nikamsikia jikoni anamwambia mwanawe kwamba mtoto anangoja ruhusa ya bibi yake. Si mjinga mama yule. Hilo nalo linaudhi.

Kweli, neno moja linatosha. Nikimwambia Chiriku, "Mama, hapa si kwa watu, hapa ni kwenu," atakula hata miguu ya meza. Lakini neno likishatoka limetoka. Siwezi leo kumwambia hapa ni kwenu, halafu Jumatano nimpandishe treni nikimwambia twende kwetu. Atauliza. Yule huuliza! Na nitamjibu nini? Kule kwetu kuna mimi, redio, na kuku mmoja asiyetaga.

Basi nimenyamaza. Mimi! Watu wa nyumbani wakisikia wataita daktari.

Mayai yamekwisha. Mkate umebaki ncha, unaweza kupigilia msumari.

Ijumaa, 7 Agosti

Leo kalala mchana. Chiriku halali mchana. Kaamka, hakusema kitu.

Nikataka kwenda dukani nimnunulie mkate wa mkobani. Ngazi za mlangoni tu zikaniweka chini, pumzi haipo, goti linalia. Baba mtoto akatoka akanishika mkono. "Pole pole, mama." Akanirudisha ndani. Hakusema, ona, unazeeka. Hakusema, nani atamkimbiza huyu mtoto mwakani. Angesema ningempa majibu yake! Nilikuwa nayo tayari. Mkono tu kanishikia mpaka kitini.

Makombo nimeyakusanya kwenye kile kijiko chekundu, akayalamba.

Jumamosi, 8 Agosti

Nasema kwa sauti ya chini. Niko bafuni, nimekalia ndoo, komeo nimetia.

Kumetengenezwa supu. Kale kasichana kapole kamempikia mtoto peke yake, viazi kaviponda ponda, kakapuliza, kakamnyooshea. Chiriku kafunga mdomo. Tumbo likanguruma, meza nzima tukasikia. Akasema, "Ahsante, nimeshiba." Na machozi yanaingia kwenye sahani. Hata kulia hakulia. Yalidondoka tu, kwa adabu.

Hongera yangu. Amelelewa, huyu.

Baba yake akainuka, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Mzazi mwenzangu hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa, nimeshika ukingo wa meza — hakunitukana! Kasema polepole tu: "Mzazi mwenzangu, sisi wakubwa tunaweza kungojana. Huyu hawezi."

Nikasema nakwenda bafuni. Mtu mzima ana haki ya bafu.

Bafu lenyewe lina maji ya moto. Unageuza hivi yanakuja. Kwetu tunachemsha. Sijui kwa nini nasema habari ya maji.

Mama yake Chiriku alikuwa vilevile. Unamuuliza, hali? Sijambo, mama. Hata siku ile ya mwisho. Sijambo.

Anabisha. Kamkono kadogo, chini kabisa ya mlango.

"Bibi."

Nini, mama?

"Wanasema supu inapoa."

Haya.

"Bibi. Hapa ni kwa watu?"

Hajarudia. Yeye! Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, mguu mmoja juu ya mwingine, kama anavyosimama nyumbani akingoja nimfungulie kabati.

Sauti za mezani zimekatika. Wote wanasikiliza, najua, mpaka yule wa dirishani.

Nimepapasa mfuko wa gauni. Kimo. Tangu asubuhi natembea nacho, na sikumwambia mtu.

Nakuja, mama. Usiondoke hapo. Ngoja Bibi asuuze kijiko chako.