Filamu ya Kijerumani na Kesi ya Kaka Idi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Saada akuletee ilifika, au kaipaka yeye? Barua hii nayo anakuletea yeye, akirudi na bidhaa zake. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo inayougua. Bi Saada kaniambia bado hamsalimiani na Mama Zuhura, jirani yetu, hata msiba wa mumewe hukwenda, kwa kuwa unaamini ndiye aliyemchongea kaka Idi kwa polisi baada ya ule wizi wa benki.

Huku Guangzhou mvua haina adabu. Juzi nilikwenda soko la Shiling kufuata mikoba, kila duka "meiyou", hakuna, rudi wiki ijayo. Nikarudi mtaani kwetu Sanyuanli nimelowa chapachapa, nikajibanza ofisi ya kago, ya kusafirisha mizigo, na Watanzania wenzangu. Kwenye televisheni kulikuwa na filamu ya Kijerumani, maandishi ya Kichina chini. Wakanigeukia: "Wewe si mdogo wake Idi, DJ wa sinema? Hebu tutafsirie!"

Unamkumbuka mwanao alivyokuwa akitafsiri filamu kwenye banda la video pale mtaani. Kikorea hajui hata neno, lakini akishika kipaza sauti watu wanalia. Na majambazi wake hawakamatwi ng'o! Polisi wakigonga mlango, yeye anasema hao wageni wa harusi.

Basi nikaanza kwa mtindo wake. Ndugu wawili wanaiba benki, nikawaita Hamisi na Juma, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kisha yule mdogo akaingia kibanda cha simu, akafunga mlango, akawa anaongea huku analia. Mama, sijui Kijerumani. Lakini pale nilielewa kila neno. "Eleza basi, anampigia nani?" Wageni wa harusi nikawakosa. Kaka mtu akakamatwa. Mwishoni yakatokea maandishi, Mchina mwenye ofisi akatuambia kwamba watu wale walikuwepo kweli na benki waliziiba kweli.

Mama, ni mimi niliyemchongea Idi.

Yule mlinzi wa benki alipigwa risasi ya mguu. Idi alinisimulia akicheka, akaificha bastola chini ya kitanda chako, akasema wiki ijayo yeye na wenzake wanakwenda tawi jingine. Niliogopa tutaletewa maiti. Nikapiga simu. Nilidhani atakaa ndani kidogo, akome. Wakampa miaka thelathini, nami nikapanda ndege. Nimekaa huku kimya, mwanaume mzima, nikakuacha unamnunia mjane wa watu kwa jambo langu. Naona haya, mama. Naona haya sana.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kupika, na dada Rehema, fundi wetu wa cherehani. Idi usimwambie ukienda kumwona gerezani. Nitamwandikia mwenyewe, na akinilaani ana haki. Mama Zuhura usimtumie mtu. Nenda mwenyewe na magoti yako hayo, umpe pole ya mumewe. Akikupa chai, unywe.

Nitakupigia Ijumaa baada ya sala. Usipopokea, nitajua barua imefika.

Mwanao,
Athumani