Bakuli Lenye Nukta Tatu

Jumanne, 18 Februari 2025

Nimekwenda sokoni Darajani kununua hiliki na tambi. Nimerudi na mabakuli sita. Hiliki sikununua. Tambi sikununua.

Lakini mabakuli hayo! Meupe, ukingo wa dhahabu, ubavuni ua moja la buluu — moja tu, si shamba zima la maua kama yale ya jirani yangu Bi Mwanapili. Muuzaji alikuwa hata hajayatoa yote kwenye boksi. Nikashika moja, nikaligonga kwa ukucha, likalia vizuri. Basi, nshanunua. Bei siiandiki hapa, maana mume wangu Khelef akipoteza miwani yake huitafuta mpaka ndani ya daftari za watu.

Na Ramadhani hii inakuja. Nyumba gani hapa mjini haitii vyombo vipya kwa Ramadhani? Sikufanya ajabu.

Mume wangu huyu tangu astaafu bandarini ananikagua kama kontena. Kaniuliza kama ya mwaka jana yashatumika. Nimemwambia ya mwaka jana ni ya mwaka jana. Kaniuliza na boksi la nini, mbona silitupi. Boksi zuri vile, lina vigawanyo vya sponji ndani! Nimeliweka juu ya kabati.

Jumapili, 23 Februari

Nimepanga kabati upya tangu asubuhi. Mgongo unauma, moyo umetulia.

Juu: chupa za chai, ile ya fedha katikati. Chini yake majagi ya kioo. Kisha sahani ya keki inayozunguka, mashine ya aiskrimu (imefanya kazi siku moja, binti yangu Sumaiya alipomaliza kidato cha sita), na kile chombo cha kuzungushia saladi mpaka ikauke. Saladi hatuli, nakubali. Lakini ukikiona utakipenda. Mabakuli mapya nimeyapa mbele kabisa, kwenye kioo. Anayeingia barazani lazima ayaone kabla hajaniona mie.

Kila moja nimelitia alama chini: nukta tatu za rangi ya kucha, nyekundu. Ndiyo alama ya mama yetu, Mungu amrehemu. Vyombo vyake vilikuwa vinaazimwa harusi zote za mtaa wa Kiponda, na havikupotea hata kijiko. Khelef alinitazama, akauliza vitu visivyotoka nyumbani vinatiwa alama za nini. Mwanamume hajui mambo haya.

Ijumaa, 28 Februari

Sumaiya karudi kutoka kazini kwake duka la dawa, kanikalia mbele hata buibui hajavua. Nikajua ana neno.

Ulfat anahama. Mdogo wangu. Mwanawe amempatia makaratasi, anakwenda kuishi naye Muscat. Safari ni Idi pili. Nimemuuliza Sumaiya nani kamwambia, akasema mama mdogo mwenyewe, alikuja kununua dawa ya presha.

Nimekwenda kufuta vumbi kabatini, na vumbi halikuwepo.

Hatusemezani tangu harusi ya binti yake, Shaima. Ulfat alikuja kuazima majagi, nikamwambia ya kabatini bado hayajazinduliwa, nikampa mengine, mazima kabisa. Siku ya harusi, mbele ya wanawake wote, akasema nyumba ya dada yangu ni duka, ila haliuzi. Wakacheka. Mpaka leo nawasikia. Tangu siku ile sijapanda ngazi zake, naye hajapanda zangu. Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa haendi kwa mdogo kujikomba. Akitaka kuaga, nyumba anaijua.

Jumatano, 5 Machi

Bi Mwanapili kanichokoza. Kamuuliza Sumaiya mlangoni, eti kabati la mama yako linafunguka, au ufunguo ulipotea?

Haya. Leo nimepika bhokoboko. Ngano nimeiroweka tangu jana, nimepiga kwa mwiko mpaka bega likakataa, samli juu. Kisha nikachukua ufunguo — haujapotea, Bi Mwanapili, uko shingoni kwangu — nikatoa bakuli moja kati ya sita. Nimelijaza, nimelifunika kawa, nimempa Sumaiya apeleke kabla ya magharibi. Nikamwambia akifika afunue mwenyewe, polepole.

Anasema Bi Mwanapili alinyamaza. Bi Mwanapili! Nimefuturu kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Bakuli limerudi. Silo.

Bi Mwanapili kaleta mwenyewe, kwa mikono yake: bakuli la plastiki ngumu, jeupe, limemeguka ukingo, limejaa kaimati. Akasema, bakuli lako hilo Bi Zuleikha, ahsante, bhokoboko lilikuwa zuri mno. Sasa nitasema nini? Mtu kakushikia kaimati za moto, shira ya sukari inatiririka, chombo hakukirudisha kitupu, ndivyo desturi inavyotaka, nawe umwambie hili si langu? Nimepokea. Nimecheka. Nimemsifia kaimati.

Bakuli la kumeguka limekaa jikoni linanitazama. Kabatini mna pengo, na pengo lenyewe liko mbele kwenye kioo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemtuma Sumaiya akapeleleze kwa adabu. Jibu: Bi Mwanapili alikuwa na vyombo vya nyumba tano jikoni kwake, vikachanganyika. Lile la ua la buluu alidhani ni la Maryam wa Mkunazini. Akalitia katlesi, akampelekea.

Hivi mie na Maryam tunafanana vyombo? Maryam!

Jumatano, 12 Machi

Nimekutana na Maryam sokoni. Sikuuliza. Nimezungumza naye bei ya ndizi mpaka mwenyewe akaanza: Ramadhani hii alipata bakuli zuri, hajapata kuona, ukingo wa dhahabu, mumewe alifikiri wameletewa kutoka Ulaya. Nikamwacha aseme. Akaendelea, nikamwacha. Kwa kweli nilisimama pale muda mrefu kuliko ndizi zilivyohitaji.

Ndipo nikamuuliza liko wapi. Akasema alimtilia tambi za sukari mtu anayesafiri, bakuli la kheri kwa safari ya kheri. Mtu gani? Akaniangalia usoni, akakumbuka anazungumza na nani. Ulfat, akasema, sauti ndogo.

Katika nyumba zote za mji huu.

Jumamosi, 15 Machi

Sumaiya anasema atakwenda kulichukua, dakika mbili tu. Nimemkataza. Ulfat aseme dada yake katuma mtoto kudai bakuli? Apate la kuchekea mpaka Muscat?

Khelef anasema nina mengine matano, na ya mwaka jana sita, na ya mwaka juzi hajui mangapi. Kweli ninayo. Sikulala vizuri hata hivyo. Nilikuwa nikifikiri jiko la Ulfat, lile dirisha lake la kuangalia uani, na bakuli langu limekaa pale. Mie sikai, lenyewe linakaa.

Jumanne, 18 Machi

Limerudi.

Ilikuwa imebaki kidogo tufuturu. Hodi chini. Khelef akaitika, akapanda na Shaima, binti wa Ulfat, kashika kitu chini ya kawa. Kanipa shikamoo, kanibusu mkono. Mama anakusalimu, akasema, hakukaa. Nikafunua. Muhogo wa nazi, na katikati jani la mdimu. Hakuna anayetia jani la mdimu kwenye muhogo mji huu. Mama alikuwa akitia. Mie na Ulfat tunatia.

Nimekula peke yangu, nimewanyima wote wawili. Khelef hakulalamika, ajabu.

Baadaye nimeliosha na kuligeuza. Nukta zilikuwa mbili nyekundu na moja ya zambarau. Moja ilibanduka njiani, katika kuoshwa na majiko ya watu. Ulfat akaitia upya, kwa rangi yake ya kucha. Alijua la nani. Aligeuza chini, akaona alama ya mama, akajua.

Nimelia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimelia nimelishika bakuli, na hata nilipokuwa nalia nikaona jinsi lilivyo zuri.

Jumatano, 19 Machi

Mabishano na Khelef tangu daku. Yeye anasema bakuli ni lako, limerudi kwako, jambo limekwisha. Lioshe, lifunge. Hakuna deni.

Najua. Ndivyo Ulfat alivyofanya kusudi. Kaniachia nafasi: nikitaka nilirudishe kabatini, nigeuze ufunguo, na hapana atakayenilaumu, maana nani anarudisha bakuli lake mwenyewe kwa mtu? Angetaka kunibana, angetumia chombo chake. Hakutaka kunibana. Mdogo wangu huyu naye ana kiburi chake, kizuri kama changu.

Lakini limekuja na chakula. Kilichokuja na chakula hakikai tupu kwangu. Mama asingekubali.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeroweka ngano jana, kwa hiyo nilikwishaamua jana, hata kama sikuandika.

Bhokoboko limeiva. Samli nimetia ya kutosha. Bakuli liko mezani, limejaa, linatoa mvuke. Sumaiya kasema lete nikupelekee. Nimemwambia hapana, hili napeleka mwenyewe, na ngazi zake nazijua, ya nne ina ufa.

Nshavaa buibui. Naandika nimesimama.

Hesabu yangu ni hii. Akilipokea, hataweza kulirudisha tupu — tumelelewa jiko moja. Itabidi apike, na itabidi alete. Shaima hatamtuma mara ya pili, nikishakwenda kwa miguu yangu. Basi kabla ya Idi pili Ulfat atapanda ngazi hizi, ataingia barazani, na atayakuta mabakuli yangu kwenye kioo mbele ya macho yake. Aseme tena duka haliuzi. Nami siku hiyo hiyo nitalijaza upya.

Kabati nimeliacha wazi. Nimetoa na la pili, nalo nimelijaza, ili moja likikaa kwake jingine liwe njiani. Khelef kayatazama yote mawili kwenye sinia. Safari hii hakunikagua. Kaniuliza tu, taratibu, na akishapanda ndege je, bakuli litarudi vipi?

Nimemwonyesha juu ya kabati. Boksi la sponji bado nnalo.