Wifi Mwanasha na Sindano Isiyongoja Chakula

Leo Jumanne. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, Timbwani yote tope, lakini roho yangu sasa imetulia, alhamdulillahi.

Nimetoka kwa wifi yangu Mwanasha, mke wa marehemu kaka yangu. Ana ugonjwa wa sukari, na hakuna ajuaye ila mimi ninayempeleka spitali.

Dresa, yule mganga msaidizi wa huko, alitueleza vizuri. Tumboni mna kinyama chaitwa kongosho, na ndani yake vichembe vidogo mno. Kwa mtu mwenye afya, akila muhogo, wali, chochote, sukari yake ikifika kwenye damu vile vichembe hupata habari saa hiyo hiyo, vikatoa maji yao ya kuipunguza. Vya Mwanasha havisikii tena habari. Ndiyo akapewa sindano. Lakini sindano haiulizi kama umekula, yapunguza tu. Kwa hivyo akishajidunga, lazima ale.

Yeye leo akafuata akili yake. Sindano kajidunga, muhogo hakugusa, ati apone upesi!

Nafika, nakuta ua umejaa watu. Mwanasha anatetemeka, jasho lamtiririka, anaita watu wasiokuwapo. Jirani yake Bi Rehema keshafukiza ubani, anapiga kelele, "Pepo huyo! Muulizeni ataka nini!"

Nikakimbilia jikoni, nikakoroga maji na sukari ile anayowawekea wageni. Mwanasha akafumba meno.

"Sukari? Wataka kuniua, wifi?"

Nikambana mashavu kama mtoto mchanga, akameza kidogo kidogo. Haukupita muda akauliza mbona nguo yake imelowa.

Bi Rehema akasema kumbe pepo mwenyewe apenda tamu. Watu wakacheka, wakaenda zao.

Tulipobaki wawili akala muhogo wake, kisha akaniapisha. Niwaache waamini pepo. Pepo si aibu, asema. Wakijua ni maradhi watamtazama kama maiti.

Nikaapa. Mimi! Mimi ninayetangaza mimba kabla mwenyewe hajaijua!

Sasa nimekaa, nawaza. Siku ambayo sipo je? Si watamfukizia ubani mpaka akate roho?

Kiapo ni kiapo, najua. Atanuna, wallahi, pengine mwezi mzima. Na anune, bora yuko hai.

Kesho nikishafagia naanzia kwa Bi Rehema, nyumba hadi nyumba: Mwanasha akitetemeka, sukari kwanza, pepo baadaye.