Loshoro Iliyopanda Mawinguni

Mpwa wangu Neema,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa. Hapa Arusha, kando ya mto Themi, linajengwa jengo la ofisi refu mpaka Mlima Meru unaona wivu. Kila siku nashinda hapo kulitazama, mafundi sasa wananiita injinia.

Dereva wa winchi hashuki mpaka jioni, chakula chake huvutwa juu katika ndoo iliyofungwa kamba. Jana ndoo ilifunguka njiani, akashinda njaa. Leo mama ntilie kaleta loshoro, yale mahindi na maziwa mgando, akauliza, "Nani anajua kufunga fundo hapa?"

"Lete," nikasema. "Mimi nimefunga madume ya ng'ombe ishirini kwa mkono mmoja!"

"Mzee, ikimwagika utailamba!" akanionya mama ntilie.

Nikafunga lile fundo letu la fahali. Ndoo ikapanda, ikapanda, ikawa kama punje ya mtama. Jasho lilinitoka.

Mara sauti ikashuka toka mawinguni: "Asante baba, imefika yote!"

Sauti ya binti, Neema! Binti kama wewe ndiye anaendesha lile dude! Nilivua kofia, nikampungia.

Ubarikiwe, mwanangu. Mwambie mama yako kaka yake, yule mwenye maneno mengi, leo alinyamaza. Hataamini.

Mjomba wako,
Elifasi