Kisiwa Nilichochelewa Kukichagua

Doha,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute umeketi mahali pako pa jua barazani, chai iko karibu, na mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku limeanza kupungua, na wiki hii wamenihamisha kutoka ghorofa ya tisa hadi ya nne. Vyumba ni vilevile kumi na vinne kwa siku, na wageni ni walewale wa kuacha taulo sakafuni kana kwamba zitajiokota.

Najua kwamba huisomi wewe barua hii. Anaisoma Nekesa, mke wa Wafula, amesimama kwenye kona ya jikoni, hatua kadhaa kutoka kiti chako, kama mila yetu inavyompasa mke wa mwanao. Nekesa, dada yangu, leo usiruke neno, hata pale utakapoona haya. Mzee akikasirika, atukasirikie wote wawili.

Baba, Nekesa ameniambia. Alinipigia simu Jumanne nikiwa natandika kitanda cha mgeni. Nikaketi juu ya kile kitanda, jambo ambalo tumekatazwa kabisa, nikalia mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia hapana, nikaendelea kutandika. Ningemwambia nini? Kwamba baba yangu hajaona kitu tangu mlipovuna mahindi ya mwaka jana, na mimi muda huo wote nimekuwa nikimtumia picha?

Ameniambia pia maneno yako, kwamba safari ifutwe, kipofu anaenda kutalii nini. Ndiyo maana naandika. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ukatae ukitaka kukataa.

Unakumbuka tulivyoanza. Miaka mitatu iliyopita nilikuambia nikipata likizo nitakupeleka mapumziko popote unapotaka, wewe ambaye ulifundisha historia pale Kitale maisha yako yote na bahari ukaiona kwenye ramani tu. Hukufikiria hata dakika moja. Ukasema unataka kisiwa chenye jua na magofu ya kale, na kisiwa hicho unakijua: Manda, kule Lamu, ulipo mji wa Takwa ulioachwa na watu wake. Tuliokuwa darasani kwako tunaujua mji huo. Ulikuwa ukichora ile nguzo yake ya kaburi ubaoni kwa chaki, mkono hauinuki, nasi tukicheka kwamba inafanana na gunzi la mahindi. Ulituambia siku ukifika utaitazama vizuri, na kama inafanana na gunzi utatuomba radhi.

Ungekuwa umeenda likizo ile ya kwanza, ungeiona. Hilo ndilo linaloniumiza. Macho yako yalikuwa bado yanafanya kazi.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuokota vijitabu vya watalii. Wageni huviacha vyumbani wakiondoka, vingine kwenye ndoo ya taka, navyo ni vizuri, karatasi inang'aa. Nikaona visiwa vya Ugiriki, nyumba nyeupe, nguzo za marumaru zilizosimama tangu kabla ya Kristo. Nikaona Malta. Nikaona Sri Lanka. Nikajiambia Takwa ni hapo tu nyumbani, mtu aliyevuka bahari kufanya kazi hawezi kumpeleka baba yake Lamu kama safari ya wanafunzi. Nikakuandikia, "Baba, fikiria mambo makubwa." Nilikuwa na kiburi, na nilikiita upendo.

Nawe ukakubali. Ukaenda kutafuta pasipoti, ukapigwa picha umevaa koti la harusi yako na marehemu mama, ukangoja. Likizo ya kwanza ikapita pasipoti haijatoka. Ya pili ikapita nikiwa bado napima Ugiriki na Malta, ni wapi kuna magofu mengi na ni wapi jua halimchomi mzee. Kila aliyekuwa akisafiri kwenda nyumbani nilimpa barua yako na kijitabu kingine ndani yake. Nilikuwa kama mtu anayechagua nguo sokoni mpaka soko linafungwa.

Kuna jambo moja ambalo lingenifumbua macho. Tangu nimefika huku, barua zangu zote umezisahihisha kwa kalamu nyekundu, ukaziacha kwenye stuli, Nekesa akazipiga picha na kunitumia kwenye simu. Sita kwa kumi. Saba kwa kumi. "Aya hii ni ndefu mno." "Nasimiyu, unaandika kama unakimbizwa." Halafu barua tatu za mwisho zikarudi safi, hazina alama hata moja. Baba, nilifurahi. Niliwaonyesha wasichana ninaoishi nao, nikajisifu kwamba hatimaye mwalimu hana la kusema. Na uliposema kupitia kwa Wafula, "Mwambie achague yeye," nilidhani umeniamini.

Sasa nimwachie Nekesa maneno yake mwenyewe, maana nilipoanza kumfokea kwenye simu alinijibu vizuri.

"Dada, mimi ni bibi ya Wafula," alisema. "Sasa ningesema aje? Ati nimekuwa nikimwangalia baba mkwe macho? Hiyo ni aibu, bana. Nilimuwekea hicho kitabu yako kwa stuli, nikarudi nyuma. Akatafuta na mkono huku, akatafuta huku, na stuli iko tu hapo. Na si unajua siwezi kumpea kwa mkono. Nikasukuma stuli na mguu, polepole, mpaka ikamgusa. Akasema asante mama. Akafungua kitabu juu chini, akaangalia sana, akasema hizo nguzo ni nzuri."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia hata mumewe. Akasema alimwambia, na Wafula akamwambia aache kumchunguza mzee. Wafula anakuja Jumamosi kutoka Kitale, Jumapili anaondoka, na wewe nyumba yako unaijua kila kona, hujawahi kujikwaa mbele yake. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima aliyejua ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye asiyeruhusiwa kukushika mkono. Usimlaumu. Alikusukumia stuli muda wote huo.

Sikulaumu wewe pia, ingawa nimejaribu. Daktari wa macho alikuambia ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi, nawe ukakunja karatasi yake ukaiweka ndani ya Biblia ili nisiache kazi nikarudi. Ningeiacha, kweli. Bora ungeniacha niiache.

Sasa nisikilize hapa. Nimevitupa vile vijitabu vyote. Ugiriki basi, Malta basi. Likizo yangu ni Desemba na tunakwenda Takwa, kama ulivyosema siku ya kwanza. Mpishi mmoja wa hapa hotelini ni mtu wa Lamu. Ameniambia maji yakijaa, mashua ya injini hupita katikati ya mikoko mpaka karibu kabisa na mji wenyewe, kisha ni kutembea kidogo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zina vitundu vidogo vidogo unavyovisikia kwa vidole. Msikiti wa zamani bado una milango yake. Nekesa hawezi kukuongoza, Wafula hana ruhusa kazini, lakini mimi ni binti yako. Mimi mkono wako ninaruhusiwa kuushika.

Sitakuambia kwamba ni sawa tu. Si sawa. Moyo wangu umevunjika, na nikifikiria lile jua lote la kisiwani ambalo litakuwa juu ya uso wako bila wewe kuona linaangaza nini, nakosa nguvu ya kuinua hata shuka. Kama utakataa kwenda, nitaelewa, nitakuja nyumbani Mabanga tukae barazani. Lakini usikatae kwa ajili ya kunionea huruma. Umeshanionea huruma vya kutosha.

Msalimie shangazi wa Lwakhakha, dada yako mkubwa, mwambie kitambaa chake cha kichwa nimekipata. Wafula mwambie sina kinyongo, ila Jumamosi akija aketi karibu nawe. Msalimie yule jirani wa Kamukuywa aliyekuuzia ng'ombe mweusi. Na wewe Nekesa, asante, pumzika sasa, umebakisha mistari michache.

Baba, nimeiandika barua hii nikiwa nimeacha nafasi upande wa kushoto, upana wa vidole viwili, kama ulivyonifundisha, ya alama zako. Nilijua hakuna wa kuitumia. Nilijaribu kuanzia ukingoni mwa karatasi, mkono ukakataa.

Desemba nitakusimamisha mbele ya ile nguzo, niiweke mikono yako yote miwili pale chini ilipoanzia. Uipapase taratibu, hakuna anayetuharakisha. Halafu uniambie kama inafanana na gunzi.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu