Ngoma Niliyoifumua

Rumonge, Jumatano, Desemba 1966

Na vitundu vya sindano vimebaki! Ngoma ya Mwami, mfalme wetu aliyepinduliwa, nimeifumua katikati ya bendera, lakini ukiiinua kwenye mwanga bado unaiona.

Bendera aliileta karani wa komini, ofisi ya serikali hapa mjini, yule yule aliyekuja na ile ya ufalme tulipopata uhuru. Anataka mmea wa mtama mahali pa ngoma. Akakalia kiti changu cha cherehani, akanywa chai yangu, akanifundisha: "Fundi, ufalme ni mutu mmoja juu ya wote. Sasa iko jamhuri, nguvu ni ya raia."

"Basi mimi raia naomba kiti changu."

Akacheka. Hakuinuka. Wakati wa Mwami pia hakuinuka.

Mdomo wangu huu! Nikauliza: "Mwami alikuwa na Bunge, hata kama hakulisikiliza. Huyu prezida, nani atamuzuia?"

Karani akatazama mlango. "Fundi, shona."

Somo lote la serikali ni hilo. Naogopa atalipeleka swali langu kwa wakubwa.

Mtama nimeushona kwa bandi tu, uzi unaotoka ukivutwa mara moja. Karani atarudi tena na alama nyingine, na macho yangu yamechoka kufumua.