Baba Asha, Siku Hizi Nakimbia

Mume wangu, Baba Asha,

Amani ya Mola iwe nawe huko ulikotangulia. Mimi na mwanao tu wazima. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na kabla sijakwambia kwa nini, naomba usicheke. Najua utacheka tu. Haya cheka, lakini unisikilize mpaka mwisho: siku hizi nakimbia.

Ndiyo, mimi. Mimi uliyenioa kule kwetu Buyenzi nikiwa mnene wa kujaza mlango, rafiki zako wakakutania, nawe ukawajibu, "Mwacheni, huyu hata upepo wa ziwani haumchukui." Mimi niliyekuwa nikijificha chooni shuleni kila siku ya michezo. Unaikumbuka mvua iliyotukuta hapa mjini, pale Newtown, tumetoka kutafuta kitambaa cha Idi cha Asha? Watu walitawanyika wote. Wewe ulimnyakua mtoto ukakimbia naye chini ya daraja, mimi nikawafuata taratibu, nimelowa chapachapa, natembea kama bibi harusi. Ukanifokea, "Mama Asha, kimbia basi!" Nikakujibu, "Mvua ni maji, si risasi." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanyamaza, maana sote wawili tulijua kwamba siku niliyokimbia maishani mwangu ilikuwa moja tu, siku tuliyotoka kwetu, na hatukuwa na hamu ya kuizungumza.

Halafu zile Jumapili za Kensington. Ulikuwa unalinda lile duka la samani, mimi nakuletea chai na mihogo asubuhi, tunakaa getini kwenye viti viwili vya plastiki. Wakimbiaji wanapita makundi makundi, vijana kwa wazee, fulana za rangi moja, wengine wana mvi kichwa kizima. Mara ya kwanza uliwatazama mpaka wakaisha, ukaniuliza, "Wanamkimbia nani hawa?" Nikakwambia hawamkimbii mtu, wananyoosha viungo, halafu wanarudi nyumbani kwao. Ukatikisa kichwa. "Yaani mtu anakimbia, halafu anarudi palepale alipotoka! Kweli hii nchi ya watu." Tulicheka, tukamalizia mihogo.

Ulitutoka mwaka ule wa Kombe la Dunia, baridi imeshika, vuvuzela zinalia mtaani kuanzia alfajiri. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kama kawaida yake, nawe ukaupandisha mtungi wa gesi begani. Asha alikuwa nyuma yako, ana miaka tisa, amebeba sukari. Ghorofa ya sita ukaketi kwenye ngazi. Ukamwambia, "Ngoja nivute pumzi kidogo." Sisi tunakaa ghorofa ya nane. Hukufika.

Nilikulilia, nikakuombea, nikakaa eda. Eda ilipokwisha ndipo nilipozikuta zile dawa zako za presha kwenye mfuko wa koti la kazi, pakiti tatu, hazijafunguliwa. Nitakwambia ukweli kwa kuwa sasa huwezi kununa: nilikukasirikia. Nilikukasirikia mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nachambua visamaki vyangu vya ndagala pale kando ya barabara, wateja wanapita, na mimi nakusema moyoni. Mwanamume mzima, umevuka nchi ngapi na mkeo na mwanao mgongoni, halafu umeshindwa kumeza kidonge! Kila nikikuuliza, jibu lako lilikuwa moja: "Najisikia vizuri." Vizuri gani, Baba Asha? Vizuri gani?

Miaka miwili baadaye nikaanza kuona kizunguzungu. Nikaenda kliniki na Asha, maana unajua Kiingereza changu ni cha kuuzia samaki tu, kwa daktari mtoto ndiye mdomo wangu. Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akatazama, akapampu tena. Akazungumza kirefu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Asha.

"Anasema ufanye mazoezi."

"Basi?"

"Basi."

Lakini jina la ugonjwa nililisikia, na kwa Kiingereza nalijua, maana ndilo waliloniambia siku ulipokufa. Mtoto alikuwa amenificha nusu ya maneno, anatazama viatu vyake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Asha kunidanganya, na sikuweza kumkemea.

Tangu siku hiyo mwanao akawa ananichunga mimi. Nikijilaza kidogo Jumapili mchana, nafumbua macho nakuta kiganja chake chini ya pua yangu, anapima kama napumua. Netiboli aliipenda kuliko chakula, akaiacha, eti miguu inamuuma. Akiwa shuleni anaomba simu ya mwalimu anipigie: "Mama, uko wapi? Umekula dawa?" Dawa nilikuwa nameza mbele yake, nafungua na mdomo aone. Haikusaidia kitu. Tukipanda ngazi alikuwa anatangulia, anageuka kila baada ya hatua mbili kunitazama, na tukifika ghorofa ya sita ananishika mkono. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Nikajua nisipofanya kitu akakiona kwa macho yake mwenyewe, huyu binti hatakua. Atabaki kunilinda mpaka anizike.

Basi nikanunua raba za mitumba, za kiume, maana za kike hazikunitosha. Nikavaa suruali ndani ya dira, nikajifunga mtandio, nikashuka. Siku ya kwanza nilifika nguzo ya pili ya taa. Nguzo ya pili, wallahi! Nikaikumbatia, nahema, mate yamekauka, mji wenyewe huu ulivyo juu hewa yake haishibishi. Na teksi, sasa! Kila teksi inayopita inasimama, kondakta na dereva wananiita, wanadhani naifukuzia. Nikiwapungia mkono waende, wanatukana. Kwenye jengo nako maneno hayakukosekana. Mmoja alisema mjane akianza kukimbiakimbia barabarani ujue kuna anayemngoja kona. Mama Furaha, yule wa Bukavu anayeuza majani ya sombe pembeni yangu, yeye alinitazama tu akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mama." Sikumjibu, pumzi ya kujibu sikuwa nayo.

Sasa nikusimulie siku ya nne.

Unaijua kanuni yetu ya barabarani. Polisi wa jiji wakija kunyang'anya bidhaa, anayewaona kwanza hapigi kelele. Anakimbia tu. Ukimwona mwenzako anakimbia, huulizi, unakusanya shuka lako kwa pembe nne na kila kilichomo, unatoka. Mimi mwenyewe nimewahi kuokoa ndagala zangu hivyo mara ngapi. Lakini siku hiyo, akili zangu nilizisahau kitandani. Saa mbili asubuhi, watu wameshapanga vitu vyao, nikatokea kona ya mtaa wetu nakimbia, mtandio unapepea, macho yamenitoka.

Mama Furaha aliniona, akakunja. Muuza soksi akakunja. Msusi akamwacha mteja kitini na kichwa nusu. Mimi nikainua macho nikaona mtaa mzima unatimua mbio mbele yangu, nikasema, "Ya Rabi, polisi wamekuja kweli!" Nikaongeza mwendo. Tukakimbia, Baba Asha, wao wanakimbia mbele kwa sababu yangu, mimi nawafuata kwa sababu yao. Tukavuka taa za robot ya kwanza, tukavuka ya pili, taa nyekundu hatuioni, magari yanapiga honi. Ya tatu ndipo Mama Furaha alipotupa furushi lake chini akanigeukia.

"Beko wapi?"

"Nani?"

"Polisi!"

"Si ninyi mliowaona?"

"Siye? Ni weye ulikuwa unakimbia!"

Muuza soksi ananitazama, msusi ananitazama na kitana mkononi.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema.

"Mazoezi!" Mama Furaha akajishika kichwa. "Mama Asha, weye unatafuta kutuuwa!"

Na hapo hapo, kwa mbali, tukamwona yule mteja wa msusi anakuja, taulo shingoni, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama juu, anakimbia naye, hajui anakimbia nini. Eish! Nani angejizuia? Nilikaa chini kando ya barabara nikacheka mpaka mbavu zikauma, tangu ufe sikuwahi kucheka vile. Nilipotulia ndipo nikaangalia nyuma. Robot tatu. Nilikuwa nimekimbia robot tatu bila kusimama, moyo ulikuwa unanidunda kama unataka kutoka, lakini nilikuwa mzima.

Wenzangu hawakuniacha hivihivi. Walikaa wakanihukumu. Nikitaka kukimbia nivae kile kizibao chako cha kazi kinachong'aa, kila mtu ajue ni mazoezi. Nikionekana nakimbia bila kizibao, wanakunja. Nikakubali. Kinanibana kifuani, lakini sheria ni sheria.

Asha aliporudi kutoka shule nikamsimulia. Alinikodolea macho. "Haibo, Mama! Uliwakimbiza wote?" Akacheka, akaniomba nirudie, nikarudia na sauti za watu wote. Jumamosi akasema anakuja na mimi. Yeye anatembea, mimi nakimbia, na tuko sawasawa, hebu fikiria aibu hiyo. Lakini bandu bandu huisha gogo. Ilifika siku akalazimika kukimbia hatua mbili tatu kunifikia, kisha ikafika siku akaanza kuhema yeye. Kliniki nikarudi, nesi akapampu mara moja tu, akatabasamu. Safari hii Asha alinitafsiria yote, neno kwa neno, hata pale nesi aliposema nipunguze mafuta kwenye sombe. Dawa bado nameza, usidhani nimekuwa kichwa ngumu kama mtu fulani.

Jumapili iliyopita nilikimbia peke yangu mpaka Kensington. Nilimwambia Asha nitachukua saa moja. Duka lako la samani bado lipo, geti limepakwa rangi, na mlinzi ni Mmalawi mpole, akanipa maji bila kuniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia mume wangu alikuwa akikaa hapo. Akainuka akanipa kiti chake. Sikutaka kulia mbele ya mgeni, kwa hiyo nilikaa tu, nikatazama wakimbiaji wanapita, na wawili walinipungia mkono kama mwenzao. Pale getini ndipo nilipokusamehe. Nilikuwa nimechoka kukubeba pamoja na hasira, Baba Asha, na nadhani uliogopa tu. Uliogopa kwamba ukimeza kile kidonge utakuwa umekubali kuwa mgonjwa, nasi tulikuwa tunakutegemea. Ungeniambia lakini. Ningekuwa naogopa pamoja na wewe.

Mazungumzo hayo nawe moyoni yakanipitisha saa. Kuangalia jua, nimechelewa karibu saa nzima, na simu nimeiacha nyumbani. Akilini nikamwona Asha amesimama dirishani, analia, anagonga milango ya majirani, anashuka ngazi kunitafuta hospitalini. Nilirudi mbio, milima yote ile, teksi zinanipigia honi sizisikii. Lifti imekufa. Nikapanda ghorofa zote nane kwa ngazi, hata ile ya sita sikusimama, nikafungua mlango na maneno ya kumbembeleza yako tayari mdomoni.

Asha alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, miguu juu, anatazama televisheni. Hakugeuka hata.

"Mama, nina njaa."

Nikasimama pale mlangoni, jasho linatiririka mpaka sakafuni. Nikamwambia nimechelewa sana. Nikamuuliza kama hakuwa na wasiwasi.

Akageuka, akanitazama kwa mshangao.

"Wa nini?"

Niliingia jikoni nikamkaangia mayai, nikalia kwa raha, nikijifuta kwa ncha ya mtandio asije akaniona. Yeye alikuwa ananiambia kutoka huko sebuleni kwamba kesho nisimngoje baada ya shule, ana netiboli.

Basi lala salama, mume wangu. Mungu akupe nuru huko uliko. Na usitungojee mlangoni kila siku, maana mimi na mwanao tutachelewa sana kuja.

Mkeo,
Mama Asha